Kusakinisha Java kwenye Windows hadi programu ya kwanza ikubali: mwongozo kamili

"Nimeweka Java lakini inakataa." Ujumbe huu naupokea mara kwa mara, na nikiomba picha ya skrini nakuta msimbo wa mwenzangu hauna tatizo lolote. Kilichomkwamisha ni Windows. Kompyuta haijui iko wapi javac, yaani programu inayotafsiri msimbo wako ili uweze kuendeshwa, au faili imehifadhiwa kwa jina ambalo mwisho wake umefichwa, au amesimama kwenye folda nyingine kabisa na ile yenye faili yake. Wengi huachia hapo, wakiamini kazi hii si ya watu kama wao, kabla hawajaandika hata mistari kumi. Inaniuma, kwa sababu yote matatu hutengenezwa kwa dakika chache.

Fuata hatua kwa mpangilio. Kila hatua ina kipimo chake, na kama kipimo hakijatoa jibu lililoandikwa hapa, usisogee mbele. Kosa la hatua ya pili ukiliruka hukusubiri hatua ya tano likiwa na sura nyingine, na huko kulitambua ni shida.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 ya biti 64.
- Intaneti ya kupakua faili ya karibu MB 200, na nafasi ya GB 1 kwenye diski.
- Ruhusa ya msimamizi, yaani uwezo wa kusakinisha programu. Kama kompyuta ni ya shule au ya kazini, mtafute mwenye nywila hiyo kwanza.
- Notepad, ambayo tayari unayo.

IntelliJ IDEA, Eclipse, NetBeans na Visual Studio Code ziache kwa sasa. Ni zana nzuri za kuandikia msimbo, na tutazifikia mwishoni. Ila hukufanyia mambo mengi kimyakimya, na siku zikikataa hutajua kama kosa ni la zana, la Java au lako. Siku ya kwanza fanya kwa mkono.

## Hatua ya 1: Pakua JDK, si Java yoyote tu

Vifupisho vitatu huwachanganya watu. JVM ni mashine ya ndani inayoendesha programu za Java. JRE ni JVM pamoja na maktaba zake, na humtosha mtu anayetaka kutumia programu iliyoandikwa na wengine. JDK ina hayo yote na kuongezea vifaa vya mwandishi, kikiwemo kompaila kinachoitwa javac. Wewe ni mwandishi, kwa hiyo unahitaji JDK.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanatafuta neno "Java" mtandaoni, wanafika java.com, wanabofya kitufe kikubwa cha kupakua, na wanapata Java 8 ya kuendeshea programu tu. Haina javac. Wakiandika `java -version` inajibu vizuri, wanafurahi, kisha `javac` inagoma.

Kuhusu toleo: Java mpya hutoka kila baada ya miezi 6, lakini machache tu ndiyo hupewa matunzo ya miaka mingi, yanayoitwa LTS. Hayo ni 8, 11, 17, 21 na 25. Chukua 21, iliyotoka Septemba 2023, au 25 ya Septemba 2025. Kama mwalimu wako ametaja toleo fulani, chukua alilolitaja. Mifano yangu inatumia 21.

Nenda adoptium.net upakue JDK ya bure inayoitwa Temurin. Oracle nao wanatoa ya kwao, na kwa anayeanza hakuna tofauti atakayoiona, kwani zote hujengwa kutokana na OpenJDK, msimbo huria wa Java. Napendelea Temurin kwa sababu kisakinishi chake kinaweza kukuwekea mipangilio ambayo vinginevyo ungeiandika mwenyewe. Chagua Windows, x64, JDK, na faili inayoishia na .msi. Ukiwa na kompyuta yenye prosesa ya ARM, chagua aarch64 badala ya x64. Jibu lipo kwenye Settings, kisha System, kisha About, mstari wa "System type".

Na kama umefika hapa ukitafuta JavaScript, hiyo ni lugha nyingine kabisa. Majina yanafanana tu.

## Hatua ya 2: Sakinisha, ukisimama kidogo kwenye ukurasa mmoja

Fungua faili uliyopakua. Usibofye Next mfululizo bila kusoma. Utafika ukurasa wa "Custom Setup" wenye orodha ya vipengele, kila kimoja na picha ndogo ya diski pembeni.

Kipengele cha "Add to PATH" huwa kimeshawashwa, kiache hivyo. Chenye neno JAVA_HOME, jina linaloziambia programu nyingine JDK iko folda gani, huwa na alama nyekundu ya X. Bofya alama hiyo, chagua "Will be installed on local hard drive", na X itaondoka. Kisha endelea hadi mwisho bila kubadilisha folda. JDK itakaa ndani ya `C:\Program Files\Eclipse Adoptium`.

## Hatua ya 3: Hakikisha Windows inaiona

Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, gonga Enter. Dirisha la amri litafunguka. Liwe dirisha jipya: lililokuwa wazi kabla ya kusakinisha linashikilia mipangilio ya zamani hadi ulifunge. Nimeona mtu akisakinisha Java mara tatu kwa sababu hii peke yake.

Andika amri hizi mbili:

    java -version
    javac -version

Imekubali kama zote mbili zinataja toleo moja, na ya pili inajibu kwa mstari unaoanza na `javac 21`. Hapo ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

### Ukiambiwa "'javac' is not recognized"

Ujumbe huu hausemi kwamba JDK haipo. Unasema Windows imeitafuta isiione. Unapoandika `javac`, Windows hushika orodha ya folda iitwayo Path na kupita folda moja baada ya nyingine, kutoka juu kwenda chini, ikitafuta `javac.exe`. Ya kwanza kuikuta ndiyo inayotumika. Orodha ikiisha bila kuikuta, unapata ujumbe huo. Dawa yake ni kuiingiza folda ya `bin` ya JDK kwenye orodha:

1. Fungua File Explorer, ingia `C:\Program Files\Eclipse Adoptium`, kisha folda inayoanza na `jdk-21`. Bofya kwenye mwambaa wa anwani na unakili njia yote. Usiiandike kwa kukisia, maana jina la folda hiyo lina tarakimu nyingi.
2. Kwenye Start andika `environment variables`, fungua "Edit the system environment variables", kisha bofya "Environment Variables".
3. Kwenye kisanduku cha chini, "System variables", bofya New. Jina liwe `JAVA_HOME`, na thamani iwe ile njia uliyonakili. Kama JAVA_HOME tayari ipo, ichague na ubofye Edit. Njia iishie kwenye jina la folda ya JDK: bila `\bin`, bila nukta mkato, bila alama za kunukuu.
4. Kisanduku hicho hicho cha chini, chagua Path, bofya Edit, kisha New, na uandike `%JAVA_HOME%\bin`.
5. Ukiwa umeuchagua mstari huo mpya, bofya "Move Up" hadi ufike juu kabisa. Bofya OK kwenye madirisha yote matatu.
6. Funga dirisha la amri, fungua jipya, rudia kipimo.

Tahadhari. Utakutana na ushauri wa kuongeza Path kwa amri ya `setx`. Usiufuate. Amri hiyo hukata thamani ikivuka herufi 1024, na Path ya kompyuta iliyotumika kwa muda huvuka hapo kwa urahisi. Vilivyokatwa havirudi, na programu zako nyingine zitaanza kugoma bila wewe kujua chanzo. Vilevile, usifute mistari mingine iliyomo kwenye Path. Wewe ongeza wako tu.

### java na javac zikitaja matoleo tofauti

Maana yake kuna Java nyingine ya zamani iliyotangulia kwenye orodha. Andika `where java` uone njia zote kwa mpangilio wake. Mara nyingi ya kwanza itakuwa `C:\Program Files\Common Files\Oracle\Java\javapath`. Huna haja ya kuifuta, kwani huenda kuna programu inayoitegemea. Kupandisha mstari wa `bin` ya JDK yako juu yake kwenye Path, kwa "Move Up" kama ilivyoelezwa hapo juu, kunatosha. Na ukiona `1.8.0`, hiyo ni Java 8, ambayo hujitaja hivyo.

Kama unatumia PowerShell badala ya Command Prompt (dirisha tulilolifungua kwa `cmd`), andika `where.exe java`, kwa kuwa `where` peke yake huko ni amri nyingine. Na `echo %JAVA_HOME%`, amri ya Command Prompt ya kuona thamani ya JAVA_HOME, kwenye PowerShell huwa `$env:JAVA_HOME`.

## Hatua ya 4: Andika faili yenye jina sahihi

Hapa kuna mtego uliowakwamisha watu wengi kuliko mitego yote ninayoijua. Msomaji mmoja alinitumia picha: folda ina faili inayosomeka `Habari.java`, na dirisha la amri linasema `file not found: Habari.java`. Vyote viwili kwenye skrini moja. Alikuwa amebishana na kompyuta hiyo siku mbili. Nilimwomba aandike `dir`, amri inayoorodhesha faili za folda, na jibu likatoka: `Habari.java.txt`. Notepad ilikuwa imeongeza `.txt`, na Windows ilikuwa imeuficha mkia huo.

Kwa hiyo, kwanza fichua mikia ya majina. Kwenye Windows 11, fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, kisha "File name extensions". Kwenye Windows 10, bofya View na uweke tiki kwenye "File name extensions". Acha iwe hivyo siku zote.

Sasa tengeneza folda na faili ukiwa ndani ya dirisha la amri:

    mkdir C:\mazoezi
    cd /d C:\mazoezi
    notepad Habari.java

Notepad itauliza kama itengeneze faili mpya, kubali. Kwa njia hii jina linabaki kama ulivyoliandika. Nimechagua `C:\mazoezi` na si Desktop kwa sababu kwenye kompyuta nyingi Desktop huwa imehamishiwa ndani ya OneDrive, na mtu akienda kuitafuta kwa `cd` anakuta folda tupu. Pia jina lisilo na nafasi linakuepusha na alama za kunukuu kwenye kila amri.

Andika haya kwa mkono wako, usinakili:

    public class Habari {
        public static void main(String[] args) {
            System.out.println("Habari, dunia");
        }
    }

Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti kwa Java. `String` ina S kubwa, `System` ina S kubwa, `main` ni ndogo yote. Jina linalofuata `public class` lazima lilingane na jina la faili, herufi kwa herufi. Na usiandikie msimbo kwenye Word: hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na javac itakurudishia `illegal character: '\u201c'`.

Hifadhi kwa Ctrl+S, kisha andika `dir`. Imekubali kama unaona `Habari.java`. Ukiona `Habari.java.txt`, iite upya:

    ren Habari.java.txt Habari.java

## Hatua ya 5: Kompaili, kisha endesha

    javac Habari.java

Ikikubali, haisemi neno. Mstari mpya unatokea, basi. Wengi hudhani imekwama, lakini ukimya huo ndio mafanikio. Andika `dir` na utaona faili mpya, `Habari.class`. Hiyo ndiyo JVM inayoisoma. Sasa:

    java Habari

Imekubali kama inaandika `Habari, dunia`.

Angalia tofauti: `javac` unaipa jina la faili pamoja na mkia wake, `java` unaipa jina la klasi bila mkia. Ukiandika `java Habari.class` itatafuta klasi inayoitwa hivyo hivyo, haitaiona, na itasema `Could not find or load main class`.

Kila ukibadilisha kitu kwenye faili, hifadhi na ukompaili upya. Ukisahau, `java` itaendesha `.class` ya zamani na utashangaa kwa nini mabadiliko hayaonekani. Tangu Java 11 unaweza pia kuandika `java Habari.java` na ikafanya yote kwa mkupuo. Ni njia nzuri kwa zoezi la faili moja, lakini jifunze kwanza zile hatua mbili, maana miradi mikubwa imejengwa juu yake.

## Kusoma makosa ya javac

Futa nukta mkato ya mstari wa 3 kwa makusudi, hifadhi, ukompaili. Utaona hivi:

    Habari.java:3: error: ';' expected
            System.out.println("Habari, dunia")
                                               ^
    1 error

Ujumbe umekupa jina la faili, namba ya mstari, kilichokosekana, na kishale kinachoonyesha mahali. Ukipata makosa ishirini, usiogope. Tengeneza la kwanza tu, kompaili tena. Mara nyingi yaliyobaki yalikuwa watoto wa lile la kwanza na yataondoka nalo.

`reached end of file while parsing` ina maana kuna mabano `}` uliyosahau kufunga. `cannot find symbol` ni jina ambalo Java hailijui: angalia tahajia na herufi kubwa, mfano `string` badala ya `String`. Ukiandika `system.out.println` kwa s ndogo utaambiwa `package system does not exist`. Kosa ni lile lile kwa maneno mengine. `class Habari is public, should be declared in a file named Habari.java` inakuomba ulinganishe jina la klasi na la faili.

`Could not find or load main class` inayotokea hata baada ya kuondoa `.class` huwa na vyanzo viwili. Cha kwanza, uko folda nyingine, `dir` itakuonyesha. Cha pili, juu ya faili yako kuna mstari wa `package`, labda ulinakili mfano wa mtu. Kwa anayeanza, futa mstari huo na ukompaili upya.

Halafu kuna `UnsupportedClassVersionError`, ambayo hutisha kwa urefu wake. Ndani yake tafuta namba mbili: 52.0 ni Java 8, 55.0 ni Java 11, 61.0 ni Java 17, 65.0 ni Java 21. Ikisema faili ni 65.0 na yako inatambua hadi 52.0, umekompaili kwa Java 21 ukaendesha kwa Java 8. Rudi hatua ya 3, kwenye `where java`.

## Matatu yanayofuata baada ya hapo

Programu ya kwanza ikishakubali, maswali huhamia kwenye lugha yenyewe. `7 / 2` inatoa 3 kwa sababu namba nzima kwa namba nzima hutoa namba nzima. Andika `7 / 2.0` upate 3.5. Maneno mawili usiyalinganishe kwa `==`, ambayo huuliza kama ni kitu kimoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta; tumia `jina.equals("Asha")`.

La tatu ni la Scanner, inayosoma anachoandika mtumiaji, na linastahili maelezo zaidi:

    Scanner s = new Scanner(System.in);
    int umri = s.nextInt();
    String jina = s.nextLine();

Mtumiaji anaandika 20, anagonga Enter, na programu inapita bila kumsubiri aandike jina. `nextInt` imechukua 20 na kuiacha ile Enter palepale. `nextLine` kazi yake ni kusoma hadi mwisho wa mstari, ikakuta mwisho upo mbele yake, ikarudi na mstari mtupu. Soma kila kitu kwa mstari mzima, kisha ugeuze:

    int umri = Integer.parseInt(s.nextLine());
    String jina = s.nextLine();

Usisahau `import java.util.Scanner;` juu kabisa ya faili, la sivyo ni `cannot find symbol`.

## Lini uhamie kwenye zana kubwa

Ukiweza kuandika faili tatu tofauti, kuzikompaili na kuziendesha bila kurudi kwenye mwongozo huu, sakinisha IntelliJ IDEA, au Visual Studio Code pamoja na kifurushi chake cha "Extension Pack for Java". Unapofungua mradi mpya, IntelliJ IDEA itakuuliza JDK. Usikubali ipakue nyingine: ielekeze kwenye folda ile ile iliyomo kwenye JAVA_HOME, ili dirisha la amri na zana yako vitumie Java moja.